Gari Lililokunywa Tangi la Mama

Mtu akinisifia gari lake, mimi hukunja uso kabla hajamaliza. Wanangu hunicheka. "Mama, kwani gari lilikukosea nini?" Siku moja niliwajibu kwamba lilikunywa tangi la mama yangu, wakacheka zaidi, wakidhani ni maneno ya uzee. Haya, naandika. Wasome, tuone kama watacheka.

Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa Kalamba, tena mzee wa kanisa. Gari alilinunua miaka ya sabini ikielekea kwisha, kutoka kwa ofisa mmoja wa serikali aliyekuwa anahamishwa. Lilikuwa gari dogo la familia, milango minne, rangi ya maziwa, viti vya plastiki nyekundu vilivyotuchoma mapaja ikifika saa sita. Kijijini hapakuwa na lingine. Siku lilipoingia watu walikuja kulisalimia kama mgeni, wakalizunguka, wakagusagusa taa. Baba alivimba kichwa siku hiyo, na kichwa hicho hakikupungua tena.

Kwenye dashibodi palikuwa na saa ya kilomita yenye tarakimu tano. Baba aliisoma kuliko Biblia, na Biblia aliisoma sana. Siku hesabu ilipofika mwisho tulikuwa kwenye barabara kuu ya Mombasa, hatujafika mji mdogo wa Salama, tunatoka mkutano wa injili. Alipunguza mwendo, akaanza kupiga kelele, "Tazameni! Tazameni!" Zile tisa zote zikageuka kwa pamoja zikawa sifuri. Akasimamisha gari kando, akatushusha sote, akavua kofia. "Gari limeokoka," akasema, na hakuwa anatania sana. Akaomba hapo hapo, malori yakitupita na kutupulizia moshi. Mama alisubiri mpaka amina, kisha akasema, bila kumtazama: "Mwalimu, ukimaliza na hilo, unirudishe na mimi sifuri." Sisi watoto tuliangua kicheko. Baba hakucheka.

Okoka, usiokoke, chuma kilikuwa kile kile. Baada ya sifuri ndipo matatizo yalipoanza kwa vishindo. Kwanza gasketi ya injini iliungua, na baba akauza punda. Tulikuwa na punda wawili, majike, waliokuwa wanatubebea maji. Aliuza mmoja kwa ajili ya gasketi. Mwaka uliofuata springi za nyuma zilikatika, akauza wa pili. Hakumuuliza mama. Alimfungua tu kwenye mti asubuhi, akamkokota sokoni, na alipoulizwa jioni alisema punda ni mnyama wa kula nyasi bure.

Kwa asiyejua kwetu, nieleze. Mto wetu ni wa mchanga. Mwezi mmoja kwa mwaka ndio una maji ya kuonekana. Miezi mingine unachimba shimo kwenye mchanga, unakaa chini, unasubiri maji yajikusanye, unachota kwa kikombe. Kwenda ni mwendo wa saa moja na nusu. Kurudi ni zaidi, kwa sababu mtungi umejaa na njia inapanda. Mtungi tuliubeba mgongoni kwa ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Mama alikuwa na alama ya ukanda ule hapa juu ya nyusi, bonde kabisa, unaweza kuweka kidole. Punda walipoondoka, tulibaki sisi: mama, mimi na mdogo wangu wa kike. Kaka zangu? Ai! Wavulana walikuwa wanasoma.

Na gari nalo lilikuwa na kiu. Rejeta, kile kifaa cha mbele kinachobeba maji ya kupoza injini, ilianza kuvuja tukiwa karibu kilomita elfu kumi baada ya zile sifuri. Mwanzo ilikuwa kikombe kwa wiki. Halafu mtungi kwa wiki. Halafu mtungi kwa safari, na safari ya baba ilikuwa kwenda kanisani, kwenda kwenye kikao cha walimu, kwenda kwenye mahari za watu, kwa sababu mzee mwenye gari haalikwi kwa mguu. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kulinywesha. Nilikaa mbele na mtungi katikati ya magoti, mama nyuma, na kila likichemka nilishuka na kitambaa nikafungua kifuniko. Mkono huu wa kulia bado una kovu la mvuke.

Jambo ambalo kila mwanamke wa kwetu alilijua ni kwamba maji ya shimo letu yana chumvi. Ukiyachemsha, birika linafanya ganda jeupe ndani, na baada ya mwaka linaziba mdomo, unalitupa. Siku moja mama alilibeba birika lililoziba, akalipeleka mpaka alipokuwa baba, kichwa ndani ya bonneti.

"Mwalimu, tazama hii. Haya maji yakiziba birika, hiyo rejeta hayataziba?"

"Wewe unajua nini juu ya injini?"

"Najua birika."

"Basi kaa na birika lako."

Hakuwa mjinga baba yangu. Alikuwa anafundisha sayansi darasa la saba. Alitufundisha mwenyewe habari za chumvi na chuma, kwa chaki, na mchoro. Lakini ilikuwa imetoka kwa mama, tena akiwa na birika mkononi, kwa hiyo haikuwa sayansi. Aliendelea kutia maji yale yale. Rejeta ikala chumvi, ikatoboka zaidi, ikataka maji zaidi. Fundi mmoja wa njiani alimfundisha kuvunja mayai na kutia ute ndani, eti unaziba matundu. Kuku wa mama wakawa wanatagia gari.

Sasa nije kwa tangi.

Wanawake wa kwetu walikuwa na mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi. Walikuwa zaidi ya ishirini na walikuwa wameamua kila nyumba yenye mabati ijengewe tangi la simiti la kukinga maji ya mvua. Mpango wao ulikuwa hivi: kikundi kinaleta mikono, mawe na mchanga, mwenye nyumba analeta simiti na chakula. Zamu zilipangwa kwa kura. Zamu ikikufikia na simiti huna, haikungoji, unarudi mkiani, kwa sababu mvua nayo haingoji. Mama alipata zamu ya tisa. Alibeba mawe ya matangi manane ya watu wengine, mwaka mzima na zaidi, na kila tangi lilipokamilika alirudi nyumbani akapima ukuta wetu kwa hatua, pale chini ya mabati, akasema, "Litakaa hapa." Alishapanda mchicha mahali ambapo bomba lingedondosha maji.

Pesa ya simiti yake aliitoa kwenye kusuka vyondo, vikapu vya katani. Alisuka akitembea, alisuka akiwa kanisani mpaka mchungaji akamkanya, alisuka akingoja maji yajae shimoni. Mama mmoja wa Nairobi alikuwa anakuja kuvinunua. Miaka miwili ya vidole vya mama ikawa mifuko minane ya simiti, imelipiwa, imewekwa kwenye duka moja la vifaa kule Salama, ambako malori ya simiti yalikuwa yanashusha na bei haikuwa ya kunyonga mtu. Kilichobaki ni kuileta. Mama alikuwa amekwisha kuzungumza na mwenye lori la mahindi, arudi nayo.

Baba akakataa. "Nina gari, nibebewe na lori? Watu watasema nini?"

"Mwalimu, ni nzito. Gari limechoka."

"Limechoka kwa nani?"

Tukaenda, yeye na mimi na mitungi mitatu ya maji ya shimoni. Kwenda hakukuwa na shida kubwa, tulisimama mara nne tu. Dukani walipakia mifuko mitano kwenye buti na mitatu kiti cha nyuma. Mkia wa gari ukakaa chini, pua ikatazama juu. Mwenye duka alisema, "Mwalimu, peleka nusu kwanza." Baba alicheka, akamwambia gari hili limemaliza laki moja na halijui neno nusu.

Hatukupita mlima wa kwanza. Mvuke ulitoka pande zote za bonneti, halafu kitu kikalia ndani, pwaa, na maji yakamwagika barabarani yote kwa mara moja. Nilitia mtungi wa pili ukapita moja kwa moja mpaka chini. Nilitaka kutia wa tatu, baba akanishika mkono. Wapita njia wakatusukuma kurudi Salama, na mifuko yetu minane ndani.

Fundi aliichomoa rejeta, akaigonga kwenye jiwe. Yakadondoka maganda meupe, mengi, ungedhani amevunja chungu. Alijaribu kupitisha spoku ya baiskeli kwenye mirija yake, ikakwama. "Mzee," akamwambia baba, "ni nani amekuwa akitia maji ya chumvi humu?" Baba alinitazama mimi! Mimi, mtoto wa darasa la saba niliyekuwa natia nilichopewa! Mpaka leo nikikumbuka jicho lile nakasirika upya.

Nyuma ya duka la simiti palikuwa na mzoga wa gari kama letu, limegongwa ubavu, na rejeta yake nzima. Baba na mwenye duka walisimama kando wakaongea. Nilimwona baba akionyesha mkono kwenye buti. Nilielewa kabla hawajamaliza, nikamkimbilia.

"Baba, hiyo ni ya mama."

"Nyamaza."

"Wanamngoja kesho. Baba, kesho ndiyo zamu."

"Nimesema nyamaza. Tutarudi nyumbani kwa nini, kwa mabawa? Nitamnunulia nyingine mwezi ujao. Na usianze kuongea ukifika. Nitamwambia mwenyewe."

Wakashusha mifuko minane mmoja mmoja, wakairudisha mahali ilipotoka. Gari likainuka mkia. Nakumbuka nilimchukia hata yule aliyekuwa anaibeba begani. Baba angeweza kukubali turudi kwa basi, akaiacha simiti ya mama dukani na gari kwa fundi. Watu wangemwona akishuka kwenye basi, basi! Hilo ndilo lililomshinda. Sina sababu nyingine ya kumpa.

Tulifika kesho yake kama saa nne asubuhi, kwa sababu fundi alichelewa kufunga rejeta. Uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake walikuwa wamekwisha kuchimba msingi, duara safi, na rundo la mawe upande huu na la mchanga upande ule. Sufuria kubwa ya mahindi na maharagwe ilikuwa inachemka. Waliposikia honi walianza wimbo, wakaja mbele ya gari wakicheza, mama katikati yao kwa leso mpya. Mwenyekiti wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kanisa zima, alifika kwanza kwenye buti akaifungua.

Ndani palikuwa na vumbi la simiti na mitungi mitupu.

Wimbo ulikatika. Baba alishuka, akafunga mlango vizuri, akasema, "Simiti iko njiani. Inakuja na lori." Alisema kwa sauti ile ya gwaride la asubuhi shuleni, na wanawake wale, nusu yao aliwahi kuwafundisha, wakasema asante mwalimu. Mama alinitazama. Mimi nilitazama chini. Nilikuwa nimeambiwa ninyamaze, nikanyamaza, na hilo sijajisamehe. Walikula mahindi yao, wakaosha sahani, wakaenda.

Baba alimwambia mama baada ya siku tatu, akiwa anakula. "Ile simiti nimeitumia kidogo. Nitarudisha." Mama alisema, "Kidogo ni mifuko mingapi?" Baba akasema asimhoji kama polisi. Basi, yakaisha hapo. Siku ya kumi kikundi kilikuja kuuliza, wakamkuta mama amekaa kwenye ule msingi anapalilia mchicha. Zamu ikapita. Ikaenda kwa jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, na mama akawa wa mwisho.

Jirani huyo alikuja kwetu jioni moja, amejifunga kanga kiunoni, hakai.

"Mama, nimekuja kukuambia kabla hujasikia kwa watu. Mzee wangu ameleta simiti kutoka Salama. Mwenye duka amemwambia ilikuwa yako. Nikirudisha sina ya kujengea. Nikijenga naona haya."

Mama alifikiri kidogo. "Jenga," akasema. "Simiti haina jina."

"Hunikasirikii?"

"Wewe nikukasirikie kwa nini?"

Na kweli alikwenda kujenga. Mawe na mchanga wetu vilihamishwa, mama akiwa wa kwanza kujitwisha. Nilimfuata nikiwa nimevimba kwa hasira. Nilimuuliza njiani kwa nini asikae nyumbani, kwa nini asimwambie baba neno mbele ya watu, kwa nini asiende kwa mchungaji. Aliniambia nipunguze mdomo, mawe yana uzito wa kutosha. Ukuta ulipokwisha simama, ulitakiwa kumwagiwa maji kila siku usipasuke, na maji hayo yalitoka kule kule shimoni, kwenye migongo yetu. Siku kumi na nne mama alinywesha simiti yake mwenyewe kwenye boma la mtu mwingine.

Mvua ya mwisho wa mwaka ilikuja vizuri. Usiku ule wa kwanza maji yalishuka kwenye mabati yetu kwa kelele, yakapita uani, yakachukua mchicha, yakaenda zake korongoni. Tuliweka masufuria, beseni, hata kikombe cha baba cha chai. Asubuhi mama alisimama mlangoni akiitazama ile mifereji ya matope. Sikuwahi kumwona analia kabla ya siku hiyo, na siku hiyo alilia kama anayekohoa, mara mbili tatu, halafu akaenda kuwasha moto.

Tangi la jirani lilijaa. Wakapanga siku ya kulifungua, wakataka mtu wa kuomba na kusema maneno mawili. Nani mwingine? Mwalimu mkuu. Mzee wa kanisa.

Kutoka kwetu mpaka kwa jirani ni kushuka korongo na kupanda, unafika kabla jasho halijatoka. Baba alizunguka na gari, njia ya mbali, afike kwa honi. Alivaa tai. Aliomba kwa muda mrefu. Kisha akasema jinsi wanawake walivyo nguzo, jinsi maendeleo yanavyotaka watu wa kujitolea, na kwamba wanaume wengine waige mfano wa nyumba hii. Nilitazama nyuso za wale wanawake. Wote walijua. Hakuna aliyeinua kope. Alipomaliza walipiga makofi, na mama alipiga makofi pamoja nao, wala si polepole. Baba akafungua bomba, maji yakatoka, matamu, hayana chumvi hata kidogo, na wanawake wakapokezana kikombe.

Ndipo alipogeuka akanitafuta kwa macho. Rejeta ya mzoga haikuwa imelikaa gari vizuri. Ilikuwa imeanza kudondosha.

"Leta mtungi," akasema. "Litie gari maji kabla sijaondoka."

Mwenyekiti aliweka mikono kiunoni. "Mwalimu," akasema, "bomba si hilo? Njoo uchote mwenyewe." Ilikuwa mara ya kwanza maishani nasikia mtu wa nje akimjibu baba mbele za watu. Nikamtazama mama, nikimwomba kwa macho: Sema. Wako nyuma yako wote. Sema leo tu.

Mama alikuwa amekwisha kuuchukua mtungi. Aliuweka chini ya bomba, akainama, akangoja ujae.

"Akichota yeye atamwaga," akasema.

Alifunga bomba kwa nguvu, akajaribu kama linadondosha, akanipa mtungi. Zamu yake haikurudi tena. Kikundi kilisambaratika mwaka uliofuata matangi yakiwa kumi na nne, na gari lilitembea mpaka mimi nikaolewa. Lakini siku hiyo hatukuyajua hayo. Nilikwenda na mtungi mpaka kwenye bonneti, watu wote wakitazama, na nilikuwa nimekata shauri. Ningeumwaga wote chini, pale pale miguuni pake, kwenye viatu vyake vya kanisa. Nilifungua kifuniko. Nikauinua mtungi. Nikamimina polepole ndani ya rejeta, nimeuma meno, mkono mmoja ukikinga pembeni, na sikumwaga hata tone.